Mama Vaileth Hayumo Mkatabani

Jumanne ile kila mlango wa jengo B ulikuwa umebandikwa karatasi, milango yote kumi na miwili, kwa ule utepe wa bluu wa mafundi rangi usiochubua mbao. Yaani kampuni yenye majengo iliuonea huruma mlango. Dorothea alikuwa anatoka kazini Potomac, kwa matajiri, kumwogesha bibi wa miaka tisini na mbili, miguu inawaka moto, mkono huu mchele, mkono huu maziwa, na ile karatasi akadhani ni tangazo la kupulizia mende. Akaibandua kwa meno.

Mumewe Gervas alikuwa kalala kwenye kochi anasubiri saa ambazo watu wanawahi ndege, maana anaendesha Uber. Akapokea karatasi. Gervas husoma barua kama mtu aliyeingia hoteli asiyoiweza: anaanzia kwenye bei.

"Elfu mbili na mia tatu," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kukaa hapa."

"Si tunalipa elfu moja mia nane na hamsini?"

"Tulikuwa. Kuanzia mwezi wa sita ni elfu mbili na mia tatu." Akarudi juu kusoma salamu. "Wameanza kwa kusema sisi ni wakazi wao wanaowathamini sana. Mama Vai, Mmarekani akianza kukuthamini, shika pochi."

Dorothea akakaa na mchele wake mapajani. Hapo lazima mjue nyumba yenyewe ilivyo, la sivyo hamtaelewa kwa nini hakupiga kelele. Ni vyumba viwili pale Landover, huku Marekani, kwenye yale majengo ya matofali mekundu ambayo ukisimama dirishani siku ya mechi unaona magari ya watu wanaokwenda uwanjani yamejipanga mpaka barabara kuu. Chumba kimoja wanalala Dorothea na Gervas. Binti yao Vaileth, miaka kumi na sita, anaishi sebuleni nyuma ya pazia la maua, na mtu yeyote akienda jikoni kunywa maji anamsikia anahema kwa hasira. Chumba cha pili anakaa Mwalimu Elie.

Elie ni Mkongo wa Uvira, mwanamume wa miaka hamsini na kitu. Kwao alifundisha hesabu miaka ishirini na miwili. Huku anafunga maboksi kwenye ghala moja la hapo hapo Landover, na kazini huwa anavaa tai ndani ya ile fulana ya kung'aa. Alikuja kwa wiki moja, kaletwa na mtu wa kanisani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao ya tatu walimpa namba ya Zelle ya Gervas, atume kodi kwa simu. Dola mia saba kila mwezi, mwaka wa pili huu.

Sasa mkataba wa nyumba una majina matatu tu: Gervas, Dorothea, Vaileth. Na umeandika wazi kabisa, ukurasa wa tisa, kwamba mgeni mwisho wiki mbili na kumpangisha mtu mwingine ni marufuku bila ruhusa ya kampuni. Ukivunja, unatoka. Kwa hiyo wenzao wa jengo B walipokuwa wanabishana kwenye ngazi siku ile, wengine wanatukana kabisa, Dorothea alifunga mlango taratibu kama mtu mwenye mtoto anayelala.

"Tutalipa," akasema.

"Kwa hela ya nani?"

Wote wawili wakageuka wakaangalia mlango wa chumba cha Elie.

*

Barua ya Elie aliandika Gervas kwenye simu, na hakujisumbua. Alichukua ya kampuni akabadilisha namba. Ndiyo maana ilianza vile vile, mkazi tunayekuthamini, na ndiyo maana mwishoni ilimshukuru Elie kwa kuchagua kuishi kwenye jumuiya yetu na kumkumbusha kwamba bwawa la kuogelea litafunguliwa mwezi wa tano. Ilisema kuanzia mwezi wa sita chumba ni dola mia tisa. Wakai-print maktaba, senti kumi na tano. Kisha hakuna aliyekuwa na uso wa kumpa. Mwalimu yumo ndani, hatua nne kutoka kwenye kochi, wanamsikia anakohoa, na watu wazima wawili wamepiga magoti wanaisukuma barua chini ya mlango.

"Iko nusu ndani," Gervas akanong'ona.

"Sukuma."

"Imekwama kwenye kapeti."

Upande wa pili mtu akaivuta. Ikaondoka mara moja, fyuu. Wakakimbilia jikoni.

Baada ya robo saa Elie akatoka. Tai iko shingoni. Mkononi ana barua, na barua ina wino mwekundu kila mahali.

"Mama Vaileth, Papa Vaileth," akasema. "Nimesoma barua yenu. Nimesahihisha. Hapa mulisahau nukta. Hapa munasema bwawa. Hatuna bwawa hapa."

"Tunalo," Gervas akasema. "Limefungwa tangu mwaka juzi."

"Bon." Akavuta kiti. "Naomba kuuliza kitu kimoja tu, kama mwalimu. Kampuni imewapa augmentation, nyongeza, ya ngapi?"

"Mia nne na hamsini."

"Juu ya elfu moja mia nane hamsini. Donc, basi, asilimia makumi mbili na ine. Na ninyi munaniongeza mia mbili juu ya mia saba. Ile njo asilimia makumi mbili na nane." Akaiweka barua mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Kampuni iko na roho mbaya, lakini ninyi mumeishinda."

Nyuma ya pazia Vaileth akacheka. Akasema kwa Kiingereza kwamba hiyo ilikuwa ngumi, na mama yake akamwambia anyamaze, asome.

Dorothea alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi. Alitaka kusema maisha yamepanda, maneno ambayo watu wote husema, akaona aibu, akayasema hivyo hivyo.

"Mwalimu, maisha yamepanda."

"Nimeona, mama. Yamepanda ngazi zenu. Kufika kwa mlango yangu yakaanza kukimbia."

Hakusema atalipa wala hatalipa. Alikula, akaosha sahani yake na ya Gervas, akaingia ndani. Usiku ule Dorothea alimwambia mumewe kwamba hajawahi kujisikia mdogo namna hii tangu siku ile yule bibi wa Potomac alipomwita kwa kengele.

*

Elie aliyemaliza kusahihisha barua hakuweza kuacha. Mtu aliyefundisha hesabu miaka ishirini na miwili ukimpa asilimia hawezi kulala nayo tu. Jumamosi akaenda maktaba, akarudi na karatasi saba.

"Mama Vaileth, kaa. Kaunti hii iko na sheria. Jengo la zamani sawa na hili letu, kwa mwaka hawawezi kupandisha kupita asilimia sita. Sita. Wao walitia makumi mbili na ine."

Gervas akanyakua karatasi. Safari hii hakuanza na bei. Alisoma yote, midomo inatembea, kisha akasimama na kuzunguka meza. "Elfu moja mia tisa sitini na moja. Ndiyo mwisho wao, hata wapasuke. Mama Vai, hawa watu ni wezi wenye printa."

"Munaandika malalamiko kwa kaunti," Elie akasema. "Fomu iko bure. Nitawasaidia."

Gervas alikuwa kashashika simu. Dorothea akaichukua, akaiweka ndani ya friji, juu ya nyanya. Hiyo ndiyo tabia yake akitaka kusikilizwa.

"Na fomu ikiuliza mnakaa wangapi?"

Gervas akaangalia friji.

"Tutasema watatu," Gervas akasema.

"Waje wahesabu. Waone kitanda cha mwanamume kwenye chumba cha pili. Wanasema tumepangisha bila ruhusa, wanatutoa wote wanne. Vaileth mwakani anamaliza shule. Tutahamia wapi, ndani ya gari lako?" Akamgeukia Elie, sauti ikashuka. "Mwalimu, sio kwamba sitaki. Mwizi akikuibia ukiwa na kuku wa jirani kwapani, utapiga yowe?"

Elie akasema, "Donc mimi njo ile kuku."

Dorothea akasema, "Sikumaanisha," na Elie akasema anajua hakumaanisha. Akazikusanya zile karatasi saba, akazipanga zikalingana pembe zote nne.

*

Jumatatu iliyofuata Elie akarudi maktaba, hakumwambia mtu. Alifikiri hivi: hawa watu walinipokea sina hata koti. Mama anaogopa. Mwenye kuogopa unamsaidia kwanza, halafu unamwambia. Akafungua fomu ya kaunti kwenye kompyuta akaijaza mwenyewe, kama zawadi.

Anwani aliijua. Kodi ya zamani na mpya alizijua. Watu wangapi, akaandika wanne, maana mwalimu hadanganyi kwenye fomu. Ilipofika jina la mpangaji, mikono ikasimama juu ya vitufe. Miaka miwili anakula kwa yule mama. Miaka miwili anamsalimia asubuhi na jioni, anamwombea kanisani kwa sauti. Na nyumbani, kanisani, kwenye ngazi, kwa simu ya Tanzania iliyo kwenye spika kila Jumapili, hajawahi kusikia mtu anamwita kitu kingine. Sanduku la barua lina namba tu. Elie akawaza, akaona angekuwa mtu wa ajabu sana kumpigia mtu aliye kazini kumuuliza mama unaitwa nani. Akaandika lile analolijua. Jina la kwanza: Mama. La pili: Vaileth. Akabonyeza tuma, akaenda ghalani kwa furaha.

Baada ya siku kumi na tano mlango ukabandikwa karatasi mpya, utepe ule ule wa bluu. Mlango wao peke yao.

Gervas aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza akaisoma tena. "Wanasema tumevunja mkataba. Tunamficha mtu asiyeandikishwa."

Dorothea akafunga mlango. "Wamemjua Mwalimu."

"Hapana. Wanasema ni mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Anaitwa Bi Mama Vaileth. Wanasema hayumo kwenye mkataba. Wanasema ameishi hapa bila ruhusa, mpaka ameandika malalamiko kaunti. Keshokutwa saa nne meneja anakuja kukagua. Huyo mwanamke asipoondoka ndani ya siku thelathini, tunatoka sote."

"Mama Vaileth si mimi?"

"Ndiyo wewe."

"Wananifukuza mimi kwa kuwa mgeni wangu?"

Vaileth alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi. "Mom, you're illegally living with yourself," akasema, yaani mama kajificha kwake mwenyewe kinyume cha sheria, na Gervas akaanza kucheka naye, na Dorothea akawaangalia wote wawili mpaka wakaacha. Elie ndiye hakucheka hata kidogo. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, fulana ya kung'aa mkononi.

"Ni mimi," akasema. "Niliandika fomu. Nilitaka ikuwe surprise."

"Mwalimu, imekuwa."

"Naomba pardon, Mama Vaileth. Naondoka leo."

"Utaenda wapi?" Dorothea akauliza.

Hakuwa na pa kwenda, na wote walijua.

*

Alhamisi asubuhi walihamisha chumba. Gervas alibeba godoro la Elie akalisimamisha nyuma ya mlango wao. Vaileth akapanga vitabu vyake na vikorokoro vya kucha kwenye chumba cha pili, akajitupa katikati ya zulia akanyoosha mikono, akasema hajawahi kuwa na chumba maishani na anaomba ukaguzi uwe kila wiki. Sanduku la Elie likaenda kwenye gari la Gervas. Elie mwenyewe pia. Alivaa suti yake ya kahawia ya kanisani kwa sababu, alisema, akifukuzwa atafukuzwa amevaa. Dorothea kupitia dirishani alimwona kule chini, kiti cha nyuma cha ile Sienna ya Gervas, sanduku limemkalia mapajani, wima, kama abiria anayesubiri dereva ambaye hatakuja. Akafunga pazia. Akalifungua tena.

Saa nne kamili meneja akagonga. Mrefu, mpole, bwana Whitlow, viatu laini vya mtu anayetembea kwenye nyumba za wengine. Nyuma yake alikuwa Akinyi wa ofisini, Mkenya wa pale mapokezi anayepokea hundi na kuwaambia watu mashine ya kufulia itatengenezwa kesho. Ndiye aliyekuwa anabandika barua.

Bwana Whitlow akaangalia kabati, akaangalia bafu, akahesabu miswaki. Miswaki ilikuwa mitatu. Wa nne ulikuwa ndani ya suti kule chini. Akarudi sebuleni akasimama mbele ya Dorothea.

"Ninamtafuta Bi Mama Vaileth," akasema kwa Kiingereza. "Yuko wapi?"

Dorothea ana Kiingereza cha miaka kumi na moja. Anabishana na watu wa bima ya afya kwa Kiingereza. Lakini pale Kiingereza chote kilimkimbia, na bwana Whitlow akaelewa anavyoelewa yeye. Akamgeukia Akinyi. "Haongei Kiingereza. Mtafsirie. Mwambie ni lazima atuonyeshe huyo mwanamke."

Akinyi akatabasamu vizuri kabisa, tabasamu la ofisini, akafungua kinywa.

"Mum, sikiza, na usicheke," akasema. "Mimi najua Mama Vaileth ni wewe. Nimejua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza nikasema huyo simjui. Hii jamaa haina kitu ya kukushika nayo. Usisign chochote leo. Hata pen usishike."

Dorothea akatikisa kichwa polepole kama mtu anayepewa habari nzito.

"Anasema nini?" bwana Whitlow akauliza.

"Bado namweleza, sir," Akinyi akasema, akaendelea. "Na huyo mzee wa tai, najua anakaa hapa, kila mtu anajua, hata mbwa wa jengo C anajua. Usiseme umempangisha. Sema unataka aandikwe. Nyumba ya vyumba viwili sisi wenyewe tunaruhusu watu wanne, iko kwa sheria zetu. Kuna fomu. Ofisini hatupendi kuitoa, lakini iko."

"Kwa nini unanisaidia?" Dorothea akamuuliza.

"Mimi nakaa jengo C. Hiyo barua ya rent niliji-printia mwenyewe, nikaji-bandikia kwa mlango wangu, nikarudi jioni nikaisoma nikalia."

"Anasema nini?"

"Anashangaa, sir."

Wakati huo Vaileth, ambaye kidole chake hakijawahi kupumzika, alikuwa amemtumia Elie ujumbe: njoo juu, wanataka kumfukuza mama kwa ajili ya jina. Nia ilikuwa nzuri. Familia nzima ile huharibu vitu kwa nia nzuri. Mlango ukafunguka na Elie akaingia na suti ya kahawia na sanduku.

"Na huyu nani?" bwana Whitlow akauliza.

"Fundi bomba," Gervas akasema haraka.

Bwana Whitlow akaangalia tai. "Sisi tuna fundi bomba wetu."

"Ndiyo maana tumeleta mwingine."

Elie alitazama chini, kwenye viatu vyake alivyopaka rangi asubuhi. Alijua mwenyeji wake akisema simjui mtu huyu, yeye atageuka, atashuka ngazi, na wale watatu watakuwa salama. Alikuwa tayari. Hata sanduku hakuliweka chini. Dorothea akaliona hilo sanduku, mkono ulivyolishika, akakumbuka karatasi iliyokwama kwenye kapeti.

Akasema kwa Kiingereza, Kiingereza safi cha kubishana na bima, "Huyu ni Mwalimu Elie. Anakaa hapa. Ni wa nne. Na Mama Vaileth ni mimi. Vaileth ni huyu binti, na mimi ni mama yake. Kwetu ndivyo mtu anavyoitwa."

Bwana Whitlow akamwangalia, akamwangalia Akinyi, akarudi kwake. Ilimchukua muda kukubali kwamba mtu aliyekuja kumtoa yumo kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba. Alipokubali akafurahi kwa sababu nyingine. "Kwa hiyo huyu mzee ndiye asiyeandikishwa. Huo bado ni uvunjaji."

"Naomba fomu ya kumwandikisha," Dorothea akasema. "Watu wanne wanaruhusiwa. Najua mnayo."

"Sijui kama tunayo."

"Ipo, sir," Akinyi akasema kwa huruma. "Droo ya pili."

"Na mimi nina swali," Dorothea akaendelea. "Huyu mzee yuko hapa mwaka wa pili. Anakusalimia kwenye maegesho. Kwa nini umekuja leo?"

"Kwa sababu ya malalamiko mliyopeleka kaunti, bila shaka. Humo ndimo tulimoona—"

Hapo Elie akaweka sanduku chini. Akatoa daftari mfukoni, lile la mistari ya mraba, na kalamu nyekundu.

"Excuse me, sir," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Mimi naandika taratibu. Umesema umekuja kwa sababu ya malalamiko. Ndivyo? Na jina lako, Whitlow, linaisha na w?"

Bwana Whitlow akakodolea macho kalamu nyekundu. Kila mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi anaijua ile hali, Mmarekani au Mkongo. Na kuna sheria inayojulikana hata kwa wasioipenda: huwezi kumwadhibu mpangaji kwa sababu amelalamika. Akafunga faili lake.

"Tutawasiliana," akasema.

Kwenye ngazi alimuuliza Akinyi yule mama alikuwa anaongea naye nini muda wote ule.

"Alikuwa ananisalimia, sir," Akinyi akasema. "Kwetu salamu ni ndefu."

*

Barua ya tatu haikubandikwa. Ilikuja kwa posta, kistaarabu, na stempu. Kodi kuanzia mwezi wa sita: elfu moja mia tisa sitini na moja. Makosa ya uchapaji, kampuni ilisema, kana kwamba kidole kiliteleza kikaangukia elfu mbili na mia tatu kwenye milango yote ya jengo B na C kwa siku moja. Ilikuwa na fomu ya kumwandikisha Elie, na ada ya fomu, na ada ya kuchunguza kama ana deni, na ada ya mbwa.

"Hatuna mbwa," Gervas akasema.

"Andika barua," Dorothea akasema. "Lakini hii uanze mwenyewe. Usinakili."

Vaileth alirudi nyuma ya pazia lake. Alisema siku mbili za chumba zilikuwa bora kuliko Krismasi.

Tarehe mosi Juni, jioni, Dorothea alikuwa anakaanga dagaa, dirisha kalifunga ili jengo C lisilalamike. Elie akaja jikoni na bahasha. Gervas kwenye kochi akainua shingo.

"Mwalimu, si umezoea Zelle?" akauliza.

"Leo nimeleta mkononi. Ni mia saba na makumi ine na mbili."

"Tulisema mia tisa."

"Mulisema. Asilimia sita ya mia saba ni makumi ine na mbili."

"Hiyo sheria ni ya makampuni, Mwalimu. Mimi si kampuni."

"Barua yako, Papa Vaileth, iliandikwa sawa na ile ya kampuni. Ilikuwa mpaka na bwawa."

Gervas akamwangalia mkewe amsaidie. Dorothea akageuza dagaa. Alijua wanazihitaji zile mia na hamsini na nane zilizopungua. Alikuwa amekwisha omba zamu ya Jumamosi kule Potomac, na kengele. Akafuta mikono, akapokea bahasha, akaiweka ndani ya friji juu ya nyanya, mahali pa mambo yaliyoamuliwa.

"Yamekwisha," akasema. "Ni sita."

Elie hakuondoka. Alikuwa na kitabu kidogo cha risiti, kipya, alichonunua mwenyewe, akakifungua kwenye kaunta mbali na mafuta. Akaandika tarehe. Akaandika kiasi, kwa namba na kwa maneno. Kisha kalamu ikasimama.

"Mama, pardon," akasema. "Mimi ni mtu mzima na ninasikia haya. Lakini kwa kaunti walinipigia simu wakacheka sana. Jina lako ni nani?"

Dorothea akabaki na kijiko hewani. Jina lile huku lilikuwa la bili, la bima, la mwenye simu anayeuliza kama amelipa. Ndani ya nyumba hii hakuna mtu aliyelitamka tangu walipohamia.

"Dorothea," akasema. "Dorothea Gwakisa."

"Kumbe," Gervas akasema kutoka kwenye kochi, na kijiko kikaruka kikamkosa kidogo.

Elie akaandika polepole, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zote zimekaa juu ya mstari. Akageuza kitabu, akampa kalamu asaini. Akachana nakala yake, akaipuliza wino ukauke, akaikunja mara mbili.

"Asante, Mama Vaileth," akasema, akaenda chumbani kwake.